Swali la Mama, Hadi Rumonge

Mama hakuniagiza vitenge wala mawese. Aliniagiza swali. Tulikuwa tumekaa barazani kwake Ujiji, usiku wa kuamkia safari, akanishika kiganja akasema: "Ukifika kwa kaka yangu, kamuulize daktari wake, hivi ubongo ukishaumia unaota tena?" Kuota, neno lilelile analotumia kwa mahindi yake.

Nafundisha baiolojia sekondari, huu mwaka wa 14. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya neva naandika ubaoni kwamba seli ya neva ya mtu mzima ikifa, haizaliwi nyingine. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo, lakini sikulitoa. Tangu mjomba aumie nilikuwa nimesoma mengi, na sentensi ile ya ubaoni nilikuwa nimeanza kuiogopa.

Mjomba aligongwa na pikipiki mwezi Machi, magharibi, akivuka barabara kutoka mwaloni. Kichwa kiliumia upande wa kushoto. Alipelekwa Bujumbura, damu iliyovilia ndani ya fuvu ikatolewa, akalala wodini siku 19, akarudishwa nyumbani akiwa hai. Mkono wa kulia ukawa mzito kama si wake. Mguu akawa anauburuta. Maneno yakampotea. Walipompa simu azungumze na dada yake alisema "eee, eee", kisha tukasikia analia.

Huyo ndiye aliyemtorosha mama kupitia Ziwa Tanganyika. Mauaji yalipoanza pande za Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na kisasi kilichofuata kikaenea nchi nzima, wao walipakiwa kwenye mtumbwi usiku, mama akiwa na miaka 6, kaka yake 10. Mama anakumbuka mkono wake tu, maana giza lilikuwa zito hata uso hauonekani. Mjomba alirejea Burundi mwaka 2008 pamoja na wakimbizi wengine waliokuwa wakirudi. Mama akabaki Ujiji, akaolewa, akanizaa. Nimekunywa maji ya ziwa lile maisha yangu yote na sikuwahi kukanyaga upande wa Burundi hadi Agosti 2025.

Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni lami, ukipanda vilima vya Buhigwe vilivyokauka kwa kiangazi. Kwenye mpaka wa Mugina nilionyesha kadi ya homa ya manjano, nikagongewa muhuri, nikabadilisha shilingi kuwa faranga, na vitu viwili vikageuka palepale: magari yakahamia kulia, na saa ikarudi nyuma saa nzima. Upande wetu ilikuwa saa tano asubuhi. Upande wao saa nne. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliniambia, "Amahoro, umeongezewa saa moja ya kuishi, itumie vizuri." Nilimshukuru kwa Kiswahili, naye akaendelea kwa Kiswahili, na hofu yangu ya kwanza ikaisha.

Mabanda tulikaa zaidi ya saa mbili kusubiri mafuta. Yamekuwa adimu nchini humo kwa miaka kadhaa, na foleni za magari yasiyo na dereva ndani yake ni jambo la kawaida. Mwishowe dereva wetu alirudi na madumu mawili ya njano. Mimi muda wote huo nilikuwa nimepakata mkoba wangu, na ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi nilizochapisha na chupa mbili za vidonge. Chupa hizo mama alizinunua kwa mtu aliyepita na kipaza sauti, shilingi elfu arobaini kila moja. Zinaotesha neva, alisema mtu yule.

Nilisoma karatasi zangu kivulini. Kanuni niliyokuwa nikiiandika ubaoni ina baba yake, Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyeuchunguza ubongo kwa hadubini zaidi kuliko mtu yeyote wa zama zake na kuhitimisha, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba kwa mtu mzima njia za neva zimekwisha kufungwa. Heshima yake ilikuwa kubwa, ikafunga na mdomo wa wengine. Mwaka 1962 Joseph Altman, akifanya kazi Marekani, aliandika kwamba ameona dalili za niuroni mpya katika ubongo wa panya wakubwa. Hakupingwa kwa kelele, alipuuzwa, na hilo linauma zaidi. Baadaye Fernando Nottebohm alichunguza ndege wa kanari, ambao madume huimba, na mwaka 1983 yeye na mwenzake Steven Goldman wakaonyesha kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza wimbo inapokea niuroni mpya ndege akiwa amekwisha kukomaa. Kisha mwaka 1998 Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Marekani walipata ruhusa ya kuchunguza ubongo wa wagonjwa 5 wa saratani baada ya kufa kwao. Wagonjwa hao walikuwa wamedungwa kemikali inayoingia kwenye DNA ya seli zinazogawanyika, ili madaktari waufuatilie uvimbe. Kemikali ileile ilikutwa kwenye niuroni za hipokampasi, kiungo kidogo kilichopinda kama samaki farasi, ndani kabisa ya kichwa, kinachoshughulikia kumbukumbu. Watu watano waliokuwa wakifa walikuwa bado wanazaa seli za ubongo. Sentensi hiyo niliisoma nikaikunja karatasi, nikatazama vilima kwa muda.

Kutoka Mabanda barabara inateremka, na kwenye kona moja ziwa linajitokeza chini yako lote kwa mpigo, na ng'ambo yake milima ya Kongo ikiwa rangi ya moshi. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470. Kigoma nimelizoea kulitazama likiwa mbele ya macho. Sikuwahi kulitazama kwa juu, kama linavyotazamwa na watu wanaoliacha. Nyanza-Lac tulibadilisha gari, tukapita msitu wa Kigwena, na kuanzia hapo ni michikichi kushoto, michikichi kulia. Rumonge unaanza kuinusa kabla hujaiona: mawese yanayochemka, moshi wa kuni, na dagaa walioanikwa. Pembezoni mwa bandari palikuwa na kuta za nyumba zilizobaki nusu, ambazo ziwa liliingia lilipofura miaka ya karibuni, na matete yameota sebuleni mwa watu.

Mjomba alikuwa amekaa chini ya mwembe, kwenye kiti cha plastiki. Aliniangalia kwa muda. Nimerithi jina la mama yake mzazi, na tangu nikiwa mdogo, kwenye simu, aliniita Bibi. Midomo ilianza kutafuta. Ikatafuta, ikashindwa. Akaninyooshea mkono wa kushoto, nami nikaupokea kwa mikono miwili na kupiga goti.

Mke wake alinikaribisha kwa ugali wa muhogo na samaki wa mukeke wa kuchoma. Tulipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, dawa umekuja nayo?" Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonikosesha usingizi usiku ule. Kijana wa mazoezi ya viungo, ambaye huko wanamwita kine, alikuwa amewapangia kazi ya kila siku. Ila tangu mama awapigie simu kwamba kuna dawa ya kuotesha neva inakuja kutoka Kigoma, kazi hiyo ilikuwa imelala. Wiki tatu. Kwa nini kumtesa mzee kwa mazoezi, walisema, ikiwa ubongo mpya uko njiani?

Asubuhi nilianza kumsikiliza mjomba. Nilimwomba aniambie anataka nini, chai au uji. Hakuweza. Lakini adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, alisimama akishikilia ukuta, na Al-Fatiha akaisoma yote, bila kujikwaa, kwa sauti yake ya zamani. Mkewe alilia, akisema ni muujiza. Mimi nilijua kuna jina lake kwa matabibu: maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, sala, nyimbo, majina ya siku, yanapita njia nyingine ubongoni, na mara nyingi hubaki mtu akishapoteza maneno ya kujitungia. Kujua jina lake hakukunipunguzia chochote. Nilisimama mlangoni hadi alipomaliza.

Kisha nikamjaribu hesabu. Niliweka chikichi tatu mkekani nikamuuliza ni ngapi. Akaanza: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita…" Hakuweza kusimama. Namba zilimbeba kama mkondo wa mto, alifika kumi na nne, akakunja uso kwa hasira na kugeukia ukuta.

Kine alikuja Alhamisi, kwa baiskeli. Kijana mpole, Kiswahili chake cha Bujumbura, Kifaransa kikiingia hapa na pale. Nilimfikishia swali la mama kama nilivyoagizwa. Alivuta kiti. "Wewe ni mwalimu," akasema, "unataka jibu la kwenye kitabu au jibu la kwenye mkeka?" Nikamwambia yote mawili.

La kitabuni tulilijenga pamoja, yeye na mimi na karatasi zangu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya hewani, yaliyokoma kwa sehemu kubwa mwaka 1963, yalijaza anga kaboni-14, na kaboni hiyo imekuwa ikipungua kidogo kidogo tangu hapo. Seli inapozaliwa huweka kwenye DNA yake kiasi kile kilichokuwa angani mwaka huo. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitumia alama hiyo kama cheti cha kuzaliwa, na mwaka 2013 wakakadiria kwamba hipokampasi ya mtu mzima hupata niuroni mpya kama 700 kwa siku, kila upande. Mwaka 2018 kundi la San Francisco lilitafuta seli changa hizo kwa watu wazima likazikosa kabisa, na kundi jingine la New York likaziona hadi uzeeni, mwaka huohuo. Wamebishana tangu hapo. Julai 2025, wiki chache kabla sijafunga safari, kina Frisén walitoa ushahidi mwingine: wamezikuta seli mama zenyewe, zinazogawanyika, kwenye hipokampasi za watu wazima, ingawa wengine wanazo nyingi na wengine karibu hawana.

Lakini mjomba hakuumia hipokampasi. Aliumia gamba la juu, pale maneno na mkono wa kulia vinapokaa. Na huko habari ni tofauti, wala sioni haki ya kumficha mtu. Mwaka 2002, huko Lund, Andreas Arvidsson, Olle Lindvall na Zaal Kokaia waliwafuatilia panya waliopata kiharusi. Niuroni changa zilihama kutoka zilikozaliwa, zikaelekea kwenye jeraha, kama majirani wanaokimbilia moto. Zaidi ya asilimia 80 zilikufa ndani ya wiki chache. Zilizosalia zilijaza kama sehemu 2 tu katika kila niuroni 1,000 zilizopotea. Mwaka 2014 kipimo cha kaboni kikatumika kwa watu waliowahi kupata kiharusi cha gamba la ubongo: niuroni za pale zilikuwa na umri sawa na mwenye ubongo. Hakuna mpya iliyoonekana.

"Kwa hiyo hauoti," alisema mke wa mjomba. Alikuwa anamenya muhogo, nami nilidhani hasikilizi. "Ni kama mchikichi. Mchikichi ukikatwa moyo umekwisha, hautoi mtoto ubavuni. Siyo mgomba. Mgomba unaukata leo, kesho kutwa kuna chipukizi pembeni."

Kine alimtazama kwa heshima. Akasema, "Mama, ni kweli. Ila ubongo wa mzee si mchikichi mmoja. Ni shamba. Imeanguka michache. Iliyobaki ina matawi na mizizi, na hiyo inarefuka kwenda mahali palipokuwa wazi, mradi kila siku kuna kazi ya kuiita." Hilo nalo lina watu wake. Edward Taub wa Marekani alianzisha njia ya kuufunga mkono mzima ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi, na mwaka 2006 jaribio la wagonjwa 222 wa kiharusi lilionyesha kuwa wiki mbili za namna hiyo ziliwapa faida iliyoonekana hata baada ya mwaka. Si kila mtu anafaa. Lazima vidole viwe na mwendo kidogo. Mjomba alikuwa nao. Kazi aliyopangiwa ilikuwa hii: mkono wa kushoto ufungwe kwa kanga, na wa kulia uhamishe chikichi 300 kutoka bakuli moja hadi jingine, asubuhi na jioni.

Nilitoa chupa zile mbili nikaziweka mezani. Kine alisoma maandishi, akazirudisha. Hakusema kitu kibaya juu ya mtu yeyote. "Tangu lini hajahamisha chikichi?" ndicho alichouliza. Ukimya wa mke wa mjomba sitausahau. Mimi huwa nakasirika polepole, lakini siku ile nilimkasirikia yule mwenye kipaza sauti kuliko nilivyomkasirikia mwenye pikipiki. Pikipiki ilichukua ilichochukua kwa dakika moja. Neno "unaota", likiuzwa kwenye chupa, lilichukua wiki tatu za mwezi wa tano baada ya ajali, na kipindi hicho ndicho mazoezi yanapolipa vizuri. Na sentensi yangu ya ubaoni ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili, maana anayeambiwa hauoti naye huacha kuhamisha chikichi.

Jioni hiyo mjukuu wa mjomba, mtoto wa miaka tisa, alinipeleka ufukweni. Kati ya kuta zilizobomolewa na maji palikuwa na kidimbwi, na ndani yake visamaki ambavyo wavuvi hawahangaiki navyo. Alinasa kimoja kwa kikombe akanionyesha: dume, manjano inayong'aa, mstari mweusi machoni, na madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini. Nilimtambua kutoka kwenye picha. Wataalamu humwita Astatotilapia burtoni, kwa kumbukumbu ya Burton, Mwingereza aliyefika ziwani humu mwaka 1858. Russell Fernald amemsoma samaki huyu kwa miaka mingi huko Marekani. Dume asiye na eneo hufifia, huwa wa rangi ya mchanga, na hazai. Mwenye eneo akiondolewa, mnyonge hupata rangi ndani ya dakika chache na kuwa bwana. Mwaka 2012 Karen Maruska na Fernald walionyesha kwamba hata seli zinazogawanyika ubongoni mwake hufuata cheo hicho. Samaki kama hawa huongeza niuroni maisha yao yote. Wengine, kama samaki pundamilia wa maabara waliochunguzwa Dresden mwaka huohuo wa 2012, hujaza jeraha la ubongo, na uvimbe uleule unaotuachia sisi kovu, kwao ndio unaoamsha uzazi wa seli. Mgomba, basi, ulikuwa ukiogelea kikombeni, hatua chache tu kutoka kwa mjomba. Nilimwambia mtoto amrudishe majini taratibu.

Nilikaa siku kumi na mbili. Kila asubuhi tulifunga mkono wa kushoto kwa kanga ya mke wake. Chikichi ya kwanza ilimchukua karibu dakika nzima: vidole vinafika, vinazubaa, vinafunguka kupita kiasi, vinafunga nje ya tunda. Linateleza kwa mafuta yake. Anaanza tena. Jasho linamtoka juu ya mdomo. Siku ya tano alifikisha 40. Siku ya tisa 110, na mtoto wa miaka tisa ndiye aliyekuwa mwandishi wa hesabu, akichora mistari kwa mkaa ukutani. Chupa mbili tuliziweka juu ya kabati. Mama nilimpigia simu siku ya sita. Nilimwambia kwamba pale palipoumia hapaoti, lakini pembeni yake panajifunza, na kwamba anahitajika kupiga simu kila jioni baada ya magharibi na kumngojea kaka yake atafute neno, bila kumsaidia, hata ikichukua muda mrefu. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Salio liwe la kiasi gani?"

Alfajiri ya siku ya kuondoka mjomba alinishika mkono tukateremka mwaloni, mimi upande wake wa kulia. Mitumbwi ilikuwa inarudi na dagaa, taa bado zinawaka, ukungu umelala juu ya maji. Mawimbi yalikuwa madogo. Akasimama, akaachia mkono wangu, akainua ule wa kulia hadi usawa wa kifua, kidole kikitetemeka kuelekea ziwani.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne." Akapumua. "Tano. Sita." Kidole kilisogea kidogo, kikangojea mtumbwi wa mwisho utokeze ukunguni. "Saba."

Akanyamaza, akanitazama. Nikaihesabu mitumbwi. Ilikuwa saba.